Dar es Salaam hadi Mtwara kwa Saa Moja na Nusu

Niliondoka Dar es Salaam kwenda kumchukua dada yangu. Nalisema hilo mapema, msomaji asije akadhani nilikwenda kutembea. Dada yangu Somoe alikuwa amefiwa na mumewe, Bakari, huko Kilambo, ukingoni mwa mto Ruvuma, na mimi nilikuwa nakaa peke yangu katika chumba kimoja Magomeni tangu mke wangu Mwanahawa aliponitangulia mbele ya haki. Baba na mama walikwisha kufa zamani. Tuliobaki ni sisi wawili, yeye mkubwa, mimi mdogo, yeye mwisho wa nchi, mimi mjini. Niliona si akili watu wawili wa tumbo moja kila mmoja apike sufuria yake ndogo. Nikaazimia kwamba eda yake ikiisha tu, nimlete tukae pamoja.

Kazi yangu ilikuwa kupanga herufi katika kiwanda cha chapa. Siku zile kila neno lilipangwa kwa mkono, herufi moja moja ya risasi, ndipo wino upakwe na karatasi igandamizwe juu yake. Tukaletewa kazi ya kuchapa ratiba ya ndege, na mimi ndiye niliyeipanga: Dar es Salaam hadi Mtwara, saa moja na nusu. Nilisimama na ule mstari mkononi nikiuangalia. Safari ile niliijua kwa basi na kwa lori. Kiangazi ni siku mbili za vumbi, au tatu, kutegemea gari limeamkaje. Masika, Rufiji ukifurika, hakuna ajuaye. Watu hulala kivukoni mpaka wakazoeana na mbu. Ukitaka meli, kwanza uisubiri meli. Sasa yote hayo yamekuwa maneno manne ya risasi yanayoenea kiganjani. Nilifurahi kama mtu aliyepewa habari ya siri.

Nilipokwenda kuomba likizo ya wiki mbili, meneja aliniangalia juu ya miwani yake.

"Hamisi, ratiba si uliipanga mwenyewe? Kwenda saa moja na nusu, kurudi saa moja na nusu. Wiki mbili za nini?"

Zamani sisi watu wa kusini tulipewa siku za njiani juu ya siku za likizo, na wenzetu wa Pwani na Morogoro walikuwa wakituonea wivu. Ndege ilizila siku zangu za njiani zote. Nikapewa Jumamosi mpaka Jumatano, Alhamisi niwe mbele ya sanduku la herufi.

Hata hivyo sikununa, kwa sababu hesabu yangu ilikaa sawa. Habari ya msiba ilikuwa imenifikia kwa simu ya maandishi kutoka kwa jamaa yetu mwenye duka Mtwara mjini. Mazishi yalifanyika ng'ambo ya mto, na nilipoisoma ile simu tanga lilikuwa limekwisha anuliwa, kwa hiyo sikwenda. Siku yenyewe aliyokufa Bakari niliambiwa baadaye na dereva wa lori aliyetoka huko. Nikahesabu miezi minne na siku kumi, nikamwuliza na mwalimu wa msikiti wetu nisije nikakosea, ikaangukia Alhamisi. Mimi nitafika Jumamosi. Nikakata kiti kimoja cha kwenda na viwili vya kurudi, nikanunua na doti ya kanga nyekundu ya Somoe kutokea eda.

Jumamosi asubuhi, uwanja wa ndege. Nilivaa koti la Mwanahawa. Nasema la Mwanahawa kwa kuwa yeye ndiye aliyelichagua, akasema linanifanya nionekane kama karani wa mahakama. Abiria hatukuwa wengi. Ndege ilikuwa ya injini mbili, na mapangaboi yalipoanza kuzunguka moyo wangu nao ulianza safari yake wenyewe. Mhudumu, msichana mrefu mwenye kofia ndogo, alipita na sinia la peremende, kila mtu moja, ili masikio yasizibe. Nilikuwa sijawahi kupewa peremende na mtu nisiyemjua tangu nilipokuwa mtoto.

Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu. Niliweka pale kifurushi cha kanga, nikajiambia Jumatano hapa atakaa dada, nami nitamwachia dirisha.

Juu ya Rufiji niliangalia chini. Maji yalikuwa yametanda kila mahali, mashamba yameingia ndani yake, na barabara ilikuja mpaka ukingoni ikakatika kama uzi. Najua kulikuwa na watu pale chini. Walikuwa wamekaa juu ya mizigo, mmoja anachemsha chai, mwingine anawasimulia wenzake habari za mkwewe. Nimekaa pale mara nyingi. Kivukoni pale ndipo nilipofundishwa kusuka ukili na bibi mmoja wa Kilwa ambaye sikumwona tena, na ndipo Mwanahawa, tukiwa wageni wa ndoa, alipogawa mkate wetu wote kwa watoto wa watu, tukashinda na njaa hadi jioni. Ndege ilipita juu ya yote hayo kwa muda wa kumumunya peremende. Bwana mmoja mbele yangu alikuwa amefunua gazeti tangu tulipoondoka na hakulifunga. Tulishuka Mtwara sijamjua abiria mwenzangu hata mmoja, wala hakuna aliyenijua mimi.

Saa tatu na nusu, Mtwara. Ratiba haikusema uongo. Uwanja ule ni mpana, na nyasi zake siku ile zilikuwa ndefu kwa ajili ya mvua. Abiria wenzangu walipokelewa na magari, na mimi nikabaki nimesimama na koti langu, jua linaniangalia. Hakuna aliyekuja kunipokea, kwani hakuna aliyejua. Nilikuwa nataka kumshtua dada.

Nilitembea mpaka mjini, nikaambiwa Likombe nitapata lori la kwenda Madimba. Nililipata, limebeba unga na mafuta ya taa, na dereva wake alikuwa mtu wa kunyamaza. Kutoka pale njia ilikuwa ni tope na mchanga, mchanga na tope. Mara mbili tulishuka kukata matawi ya kuweka chini ya magurudumu. Ilipofika adhuhuri nilikuwa nimevua viatu, na ilipofika alasiri koti la karani wa mahakama lilikuwa limekaa chini ya gurudumu la nyuma. Halikusaidia.

Magharibi, Madimba. Dereva alisema haendelei mbele, akanipeleka kwa mkulima mmoja wa korosho aitwaye Selemani, ambaye kwake hulala kila aliyekwama. Mkewe aliniletea maji ya kunawa, na kisha ugali wa muhogo na kisamvu.

"Umetoka Dar lini, ndugu yangu?" Selemani aliniuliza.

"Leo asubuhi."

Akaacha kula. "Leo hii?"

"Kwa ndege. Saa moja na nusu."

Mkewe alicheka huko aliko, akainua taa kuniangalia miguu. "Mbona haijavimba? Mgeni wa Dar sisi tunamjua kwa miguu. Huyu mwili wake ndio uliofika, roho ingali Rufiji, inasubiri kivuko."

Nilicheka nao. Walikuwa watu wema. Lakini walipokwisha kuniuliza habari za Dar nikagundua sina habari za njiani za kuwapa: nani kakwama wapi, daraja gani limekwenda na maji, mchele unauzwaje Kilwa. Mgeni wa kusini hulipia chakula chake kwa habari hizo. Mimi nilikula ugali wa bure.

Jumapili asubuhi niliondoka kwa miguu, peku, viatu vimening'inia begani. Mikorosho ilikuwa inadondosha maji ya mvua ya usiku, na njia nzima nilikutana na mwanamke mmoja tu mwenye jembe, tukasalimiana, akapita. Nilikuwa nazungumza na Somoe njiani, nikimpangia. Kitanda nitampa yeye. Jiko tutaliweka uani. Nitamwonyesha feri, nitamwonyesha maduka, na akichoka na mji nitanyamaza, kwani Mwanahawa naye alikuwa akichoka na mji, na mimi nilikuwa nasema sana.

Adhuhuri, Kilambo. Nyumba ya Bakari iko nyuma kidogo ya ukingo. Ukisimama uani unauona mto, mpana, wa rangi ya udongo, na mikoko inakoanzia upande wa baharini, na ng'ambo yake nchi nyingine ambayo mwaka ule ilikuwa na vita. Nilipiga hodi. Aliyetoka ni Fatu, dada yake Bakari, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa.

"Shemeji! Umeanguka kutoka wapi?"

"Nimekuja kumchukua dada. Yuko wapi?"

Fatu alinishika mkono akaniingiza ndani, akainua pazia. Somoe alikuwa amekaa juu ya mkeka, amejifunika shuka jeupe la eda kutoka kichwani, miguu ameikunja. Alikuwa amekonda. Aliponiona hakusimama, alininyooshea mikono yote miwili, nami nikapiga magoti nikalia. Naye alilia. Mimi sikuwa nimelia mbele ya mtu kwa muda mrefu, na nilipoanza sikujua namna ya kuacha.

Tulipotulia nikamwuliza, "Dada, mbona bado umevaa hili? Eda si imekwisha Alhamisi?"

"Bado."

"Bado vipi? Nimehesabu mwenyewe."

"Umehesabu tangu lini?"

"Tangu siku aliyokufa shemeji."

"Mimi nnahesabu tangu siku nlivyoambiwa," akasema. "Bado wiki tatu."

Hapo sina budi kumweleza msomaji mambo yalivyokwenda, kwani mimi mwenyewe nilielezwa siku ile na Fatu. Bakari alivuka kwenda kumwona mama yake mgonjwa, upande wa Kionga, akasema atakaa siku tatu. Siku ya pili alishikwa na homa, na ya nne akafa, akazikwa kule. Kutoka uani pa mkewe, mtu mwenye macho mazuri anaiona minazi iliyo karibu na kaburi lake. Lakini siku zile Wareno walikuwa wakiulinda mto, mitumbwi imefichwa mikokoni, hakuna aliyethubutu kuvuka. Habari ilikaa ng'ambo wiki tatu ikitafuta njia. Mimi nilitoka Dar kwa saa moja na nusu, na habari ya kifo ilivuka mto mmoja kwa wiki tatu.

"Basi hesabu ya dini ndiyo yangu," nikasema. Mimi ni mtu wa haraka, na mtu wa haraka akiwa na haki ndiye mbaya zaidi. "Jumatano tuna ndege. Viti viwili nimekwisha vikata."

Fatu akaguna. "Ndege?"

"Ndege, shemeji. Saa moja na nusu tuko Dar."

Nilitegemea atashangaa kama mke wa Selemani. Badala yake aliangalia nje, juu. "Pano ndege ikisikika tunafukia moto, tunakimbilia mikoroshoni," alisema. "Watoto wakisikia hata nyuki wanalala chini. Usiitaje sana mbele zao."

Jumatatu asubuhi nilimtafuta mwalimu wa chuo cha Kurani, Mwalimu Athumani, nikamkuta anapalilia mihogo yake. Nilitaka aje amwambie dada kwa kinywa chake. Alipangusa jembe, akanifuata bila maneno mengi, akakaa barazani, na Somoe akasogea nyuma ya pazia.

"Bi Somoe," mwalimu alisema, "nlishakwambia, na leo nnarudia mbele ya mdogo wako. Eda inahesabiwa tangu roho ilipotoka. Habari ikichelewa, siku hazisubiri habari. Yako imekwisha. Unaruhusiwa kuoga, kutoka, kusafiri, hata kuolewa."

"Nimesikia, mwalimu. Sikatai dini."

"Unakaa kwa hiari yako basi."

"Kwa hiari yangu."

Mwalimu aliniangalia, akainua mabega. "Mimi nimefikisha," alisema, akarudi kwenye mihogo yake.

Nilikasirika. Naandika nilivyokuwa. Niliingia ndani nikamwambia dada kuwa nimekopa siku hizi kwa meneja kwa unyenyekevu mwingi, kuwa yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shambani, kuwa ninarudi jioni katika chumba ambacho kiberiti nilichokiacha juu ya meza asubuhi nakikuta palepale kilipokuwa, na sasa wiki tatu ambazo hata dini haizitaki zinanizuia kumpata mtu wa kula naye. Nilisema hivyo hasa, mtu wa kula naye.

Somoe alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Hamisi, unajua wiki zile tatu mimi nlikuwa nafanya nini?"

"Ulikuwa unangoja."

"Nlikuwa nimenuna." Akalivuta shuka usoni, akaliachia. "Alisema siku tatu. Siku ya tano nkaanza kumsema kwa Fatu. Ya kumi nkasema ameoa huko kwao, mama yake kampa mke. Nlikuwa napika, nnafunika chakula chake, asubuhi nnawapa kuku kwa hasira. Nkapanga maneno ya kumwambia akirudi. Maneno mabaya, mdogo wangu. Nkaapa simpi maji ya kuoga. Yeye yuko chini ya udongo, na mimi nimemnunia. Sasa wewe na mwalimu mnaniambia siku zile zihesabiwe ndani ya eda, eti nlikuwa namlilia. Sikumlilia siku zile. Nataka nimlilie zote, pasipungue. Kama ni wiki tatu zaidi ya dini, Mungu atanielewa, mwanamke alikuwa na kinyongo na mumewe."

Fatu, aliyekuwa mlangoni, alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Niliangalia mkeka.

"Na zikiisha?" niliuliza baadaye. "Zikiisha utakuja?"

"Zikiisha nataka nivuke. Hata kama ni kungoja vita viishe. Sijaliona kaburi." Akageuka kuelekea mtoni, ingawa kutoka ndani mto haukuonekana. "Nikija kwako nitakuwa nimekaa Dar, macho yangu huku. Utakuwa umepata mtu wa kula naye asiyekula."

Kuku waliingia, Fatu akawafukuza. Kisha Somoe akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za kawaida:

"Na wewe, Mwanahawa alipokufa ulikaa siku ngapi?"

"Wanaume hatuna eda, dada."

"Nnajua hamna. Nauliza ulikaa siku ngapi."

Nilikumbuka. Tulimzika alasiri ya Jumamosi. Jumatatu nilikuwa kazini, napanga matangazo ya sabuni, na watu walisema Hamisi ni mwanamume kweli. "Moja," nikasema.

"Na kaburi lake liko wapi?"

"Kisutu."

"Mbali na kwako?"

"Si mbali."

Hakuuliza kama huwa nakwenda. Alinielewa tangu nikiwa mgongoni kwake. "Basi ukifika nisalimie Mwanahawa," alisema, akaomba maji ya kutawadha.

Jioni ile nilikwenda ukingoni peke yangu. Mto ulikuwa unapita kimya, na viboko wawili walitoa pua katikati wakazama. Minazi ya ng'ambo ilionekana, michache, imeinama upande mmoja. Nilijaribu kukisia ni mnazi upi. Mgambo mmoja alinijia akaniambia nisisimame pale wazi, nikarudi.

Jumanne asubuhi niliagana nao. Mwenye eda havuki kizingiti kumsindikiza mtu, kwa hiyo Somoe alisimama ndani, mimi nje, tukashikana mikono katikati ya mlango. Nilimpa kanga nyekundu.

"N'taivaa siku yangu ikifika," alisema. "Ijumaa, baada ya wiki tatu. Fatu atanipeleka kuoga mtoni asubuhi. Saa hiyo unikumbuke."

Alinipa fungu la makopa, yaani muhogo mkavu, na korosho zilizobaki za msimu, zimefungwa kwa kitambaa alichokuwa Bakari akijifutia jasho. Nilitembea mpaka Madimba bila kuzungumza na mtu, hata na yeye moyoni. Selemani hakuwapo, mkewe alinitazama miguu, iliyokuwa imevimba sasa, akasema, "Haya, umefika," akanipa maji. Nilipata lori lilelile, tope lilelile. Nililala Likombe barazani kwa jamaa yake dereva.

Jumatano, Mtwara uwanjani. Karani aliangalia tiketi mbili, akaniangalia mimi mmoja.

"Mwenzako?"

"Amebaki."

"Kiti chake kimekwisha lipiwa. Kitakwenda kitupu."

"Kiende."

Nilikaa dirishani, nafasi niliyomwekea Somoe. Yule yule mhudumu mrefu alipita na sinia, akaona kile kiti na lile fungu la makopa lililokaa juu yake, akasita, kisha akaweka peremende mbili. Sijui alifikiri nini. Ya pili niliitia mfukoni. Tulipopanda juu niliona mto mara moja tu, utepe wa udongo unaoingia baharini, na pande zake mbili zimekaribiana hivi kwamba ungesema mtoto anaweza kurusha jiwe. Kisha mawingu. Niliwaza kwamba huko chini, wakisikia ngurumo yetu, Fatu anafukia moto. Sikuangalia Rufiji safari hii. Nilifumba macho mpaka Dar es Salaam.

Saa sita mchana nilifungua chumba changu Magomeni. Kiberiti kilikuwa juu ya meza.

Alhamisi meneja aliniuliza, "Umeona? Saa moja na nusu."

"Ndiyo, mzee," nikamjibu, nikavuta sanduku la herufi.

Sasa msomaji atataka kujua nilijifunza nini, kwani anayesafiri hupaswa kurudi na kitu. Nilirudi na makopa. Hayo mengine yalichukua muda zaidi. Wiki tatu zile nilikuwa nikitoka kazini nakuja moja kwa moja nyumbani, nafunga mlango, nakaa juu ya mkeka. Sikufanya kingine. Majirani walidhani nimerudi na homa ya mto. Siku za kwanza sikuweza. Mikono ilitafuta kazi, nikafua shuka mbili zilizokuwa safi. Baadaye mambo yakaanza kunijia yenyewe: alivyokuwa akicheka kabla hajamaliza hadithi, mkate wa kivukoni, koti, na siku ile ya mwisho aliponiambia nikae kidogo na mimi nikamwambia nachelewa kazini. Nililia mwenyewe, bila Somoe. Ilikuwa kama kupanda basi nililolikosa miaka minne, na likanipitisha kila kituo.

Ijumaa ya Somoe ilipofika nilikumbuka kwamba saa ile anaogeshwa mtoni na kuvaa kanga nyekundu. Nilimwambia meneja nakwenda kuswali na sitarudi siku hiyo. Alifungua kinywa, akaniangalia, akakifunga. Baada ya swala niliulizia njia ya makaburini, ingawa siku ya mazishi nilikuwapo, kwani siku ile nilikwenda nikiwa sioni.

Kutoka chumbani kwangu mpaka pale ni mwendo mfupi wa miguu, na ulinichukua miaka minne. Nyasi zilikuwa zimeota. Nilizing'oa kwa mikono, nikakaa chini, nikaweka ile peremende ya pili kando ya jiwe. Nikamwambia Mwanahawa nimefika, na kwamba dada Somoe anamsalimu.